Aliandika "bisa" nikamwekea kosa

Mi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Tanga, kazi yangu miaka yote ni a e i o u, ba be bi bo bu, kwa hiyo Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na mama mmoja muuza samaki wa soko la Deep Sea akaniambia "mwalimu si umekaa tu nyumbani, basi tufundishe na sisi kusoma, simu tunazo", nilikubali palepale. Nilijua hii ni kazi yangu, naifanya hata nimefumba macho. Kumbe mtoto wa miaka saba aliyekaa mbele yako dawatini, na mtu mzima usiyemwona, mwenye simu iliyopasuka kioo na bando la kuhesabu, ni wanafunzi wawili mbalimbali kabisa, na ilinichukua karibu mwaka mzima kulielewa hilo.

Naandika haya kwa sababu sa hizi walimu wengi tunafungua kozi za onlaini, wengine za kusoma na kuandika, wengine za Kiswahili kwa wageni au kwa watoto waliozaliwa nje, na nikiangalia naona wengi wanaanzia palepale nilipoanzia mimi, kwenye video.

Kijana wa jirani anajua kuediti, tukaazima taa ya duara, nikavaa vizuri, akaweka muziki na katuni ya kuku anayeruka kila herufi inapotokea, somo la kwanza likatoka dakika kumi na mbili. Lilikuwa zuri kwa kweli. Nikalituma kwenye grupu saa mbili usiku, watu ishirini na kitu mle ndani, nikapata madole gumba manne na "ahsante mwalimu" moja. Siku ya pili nikatuma lingine, ya tatu lingine. Wiki ya pili watu wakaanza kutoka kwenye grupu, mmoja mmoja, kimyakimya, we unaona tu yale maandishi madogo kwamba namba fulani imetoka. Nikampigia mama mmoja nimuulize kulikoni. Akanijibu kwa upole, "Mwanangu usinifikirie vibaya, ile video nikifungua moja tu bando limekwisha, na mi bando nimejiunga ili nimpate baba watoto, yuko dago, kambi ya uvuvi, Pemba."

Iliniuma. Nami nanunua bando, najua bei yake, lakini nilipokuwa natengeneza masomo sikuwahi kujiuliza anayeyapokea amekaa wapi saa hiyo na anafanya nini. Saa mbili usiku mchuuzi wa samaki anapika, analaza watoto, na saa kumi alfajiri anatakiwa awe ameshaamka kuwahi boti zinaporudi. Sasa mimi namletea herufi saa mbili usiku, azisome na jicho lipi?

Nikafanya kitu kidogo ambacho mpaka leo nakifanya kwa kila kundi jipya. Nilipitia meseji zote za grupu, nikaandika kwenye daftari saa ambayo kila mtu alijibu chochote, hata emoji, hata salamu ya Ijumaa. Zikajikusanya saa nane mchana mpaka saa kumi. Samaki wameuzwa, beseni limeoshwa, mtu amekaa kivulini anangoja jua lipungue kidogo aende nyumbani, simu iko mkononi. Basi masomo yangu yote yakahamia saa nane, na kwa hilo tu, kabla sijabadilisha kingine chochote, majibu yakaanza kuja.

Video nikaziacha. Somo likawa vitu vitatu: voisi moja isiyozidi dakika moja na nusu, picha moja ya karatasi niliyoandika kwa maka peni neno moja au mawili, na kazi moja, soma, jirekodi, nitumie. Voisi ya dakika moja haifiki hata nusu MB, picha nayo WhatsApp inaibana yenyewe, mtu hata akiwa na bando la shilingi mia tano somo linafunguka. Na ile karatasi niliandika kwa mkono makusudi, maana kulikuwa na jambo ambalo shuleni silioni kwa sababu pale ubao ni mwandiko wangu mimi: herufi a ya kwenye simu ina kofia juu, ile tunayoandika kwa mkono haina kofia, ni duara na kijiti. Mama wa watu kasoma a yangu vizuri kabisa kwenye karatasi, akifungua meseji anakutana na a yenye kofia anadhani ni herufi nyingine ambayo hajafundishwa. Wawili walikuwa wananiuliza "hii ndo ipi mwalimu" wiki nzima, nami sielewi wanauliza nini, mpaka mmoja akapiga picha skrini ya simu yake kwa simu ya mwanawe akaizungushia wino. Tangu hapo kila herufi naileta na sura zake zote mbili siku hiyohiyo.

Kuhusu voisi nataka niseme zaidi kidogo kwa sababu walimu wengi wa onlaini wanazichukulia kama kitu cha wasio na vifaa. Kwangu mimi voisi ya mwanafunzi anayesoma ina habari nyingi kuliko mtihani. Unasikia pumzi. Unasikia anakwenda sa, ma, halafu kimya, halafu ki. Ule ukimya ndo somo la kesho. Shuleni nina watoto wengi mno, siwezi kusikia ukimya wa mtoto mmoja, lakini voisi naweza kuirudia mara tatu na peni mkononi, nikaandika pembeni "amesimama kwenye mw, amesimama tena kwenye mw", kesho yake namtumia mwavuli, mwezi, mwana, peke yake, wengine hawahitaji hilo.

Ila voisi hizo usiziombe kwenye grupu. Niliomba, nikajuta. Nilisema kila mmoja asome hapahapa tusikie tujifunze pamoja, kama ninavyofanya darasani, siku hiyohiyo wakatoka wawili. Mmoja alikuwa na mkwewe mle ndani, mke wa mwanawe, binti kamaliza kidato cha nne, ameingizwa kumsaidia mama mkwe kufungua masomo. Mtu mzima akohoekohoe mbele ya mkwewe kwenye ba be bi bo bu? Hawezi, na mi ningekuwa yeye nisingeweza. Kwa hiyo grupu likabaki la kusikiliza na kupeana moyo, kusoma kwenyewe kukawa inboksi, mimi na yeye, na ahadi niliyowapa ni kwamba hakuna voisi itakayovuka kutoka inboksi kwenda popote. Hiyo ahadi ilinirudishia mmoja kati ya wale wawili.

Sasa kuhusu maneno yenyewe ya kufundishia. Kitabu cha darasa la kwanza kina mpangilio wake, unaanza silabi nyepesi, konsonanti na irabu, baba, mama, kaka, unaacha mb, nd, sh, th, ng' mpaka baadaye, na kwa mtoto ni sawa kabisa. Nami nikaufuata. Siku moja nikamuuliza yule mama wa kwanza kabisa, hivi we mama ukijua kusoma unataka usome nini? Hakusema Qurani wala gazeti. Alisema, "Nataka nisome meseji ya pesa ikiingia, nisimpe mtoto wa mtu anisomee."

Akanieleza. Mteja akinunua ndoo ya vibua anasema nimekurushia, simu inalia, yeye hajui kama ni pesa imeingia kweli au ni meseji nyingine tu, anamwita kijana yeyote aliye karibu amsomee, na kijana anajua salio lake lote. Kuna siku alisomewa elfu arobaini, kufika kwa wakala ikawa elfu kumi na nne.

Mi nilikuwa namfundisha "kaka ana kuku".

Nikaomba anitumie meseji moja ya zamani, tukafuta namba na majina. Neno la kwanza kabisa pale ni "imethibitishwa". Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza akiliona atakwambia hilo ni neno la mwaka wa pili huko, lina th, lina shwa, lina silabi sita. Lakini huyu mama analiona kila siku ya Mungu, sura yake anaijua kama anavyojua sura ya samaki, changu na tasi, bila kusoma popote. Nikaliandika kwenye karatasi, i-me-thi-bi-ti-shwa, nikatuma na voisi. Akalishika ndani ya siku mbili. Baada ya hapo "umepokea", baada ya hapo "kutoka", baada ya hapo "salio", na kutoka kwenye maneno hayo manne tukavuna silabi, me ya umepokea ndo ileile me ya imethibitishwa, li ya salio tukaipeleka kwenye mali, kali, bahari mbali. Nikagundua silabi ngumu na silabi nyepesi ni hesabu ya sisi walimu, kwa mtu mzima jepesi ni lile neno linalohusu pesa yake.

Haya, sasa nije kwa bibi.

Wa kundi la pili, mwaka uliofuata. Bibi wa makamo ya sabini hivi, aliletwa na binti yake, akaniambia mwenyewe kwa voisi, "Mwanangu mimi sijui kusoma hata kidogo, sikupelekwa skuli." Nikamwandika kwenye daftari langu hivyo, hajui kabisa, anaanza mwanzo. Alikuwa anakwenda vizuri ajabu, haraka kuliko wote, mpaka tulipofika kuandika. Nikatoa neno pesa, waandike kwenye karatasi wapige picha. Yeye akaandika "bisa". Nikamwekea kosa kwa peni nyekundu kwenye picha, nikamrudishia na neno sahihi. Kesho yake pweza, akaandika "bwiza". Nikaweka kosa. Samaki akapata. Dagaa akapata. Embe akaandika "imbi". Nikadhani hasikii vizuri, nikawa nataka hata kumwambia binti yake ampeleke akapimwe masikio.

Kilichoniokoa ni picha moja aliyoipiga vibaya. Kawaida karatasi anaikata pembeni, siku hiyo ikaonekana yote, na chini ya kila silabi yangu kulikuwa na alama ndogo za penseli. Nikavuta picha ikawa kubwa. Ni herufi za Kiarabu, na irabu zake juu na chini, mwandiko mzuri umenyooka kuliko wangu. Chini ya ba aliweka be yenye fataha, alama ya a. Chini ya ki aliweka kafu yenye kasra, alama ya i. Alikuwa anajitengenezea ufunguo wake mwenyewe, kila ninachomfundisha anakibebesha kwenye kile anachokijua tangu utotoni chuoni, yaani madrasa, alifu kwa kijiti na kuendelea.

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu sana.

Kwa sababu sasa kila kosa nililomwekea lilikuwa na maelezo. Herufi za Kiarabu zina alama tatu za irabu, za a, i na u. Hakuna e, hakuna o. Herufi ya p hakuna, iliyo karibu nayo ni be. Kwa hiyo pesa katika herufi anazozijua haiwezi kuandikika ila bisa, na yeye aliandika kwa usahihi kabisa kwa kanuni aliyonayo. Na wazee wa pwani walikutana na tatizo hilohilo karne nyingi kabla yake, walipokuwa wanaandika tenzi na barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndo maana akatokea mtu kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa akashughulika kuzirekebisha herufi hizo zibebe sauti zetu. Mi haya niliyajua, nilisoma chuo cha ualimu, nimekulia pwani, nimepita madrasa mwenyewe, na bado niliandika kwenye daftari "hajui kabisa".

Nikampigia, sikutuma voisi. Nikamwambia shikamoo bibi, nimekuja kukuomba radhi. Akasema marahaba mwanangu, radhi ya nini tena? Nikamwambia wewe kusoma unajua, unasoma msahafu, mimi ndo sikukuuliza. Akacheka kidogo, akasema, "Ile mbona ni dini tu mwanangu, ile si kusoma." Nikamwambia bibi, ile ni kusoma. Akanyamaza. Halafu akasema hebu subiri nikae.

Somo lake likabadilika lote. Sikuhitaji kumfundisha kwamba alama inabeba sauti, anajua. Sikuhitaji kumfundisha silabi, anajua, alizoea kuhijiza, kutamka herufi na irabu yake moja moja, tangu mdogo. Alichohitaji ni vitu vichache tu: tunaanza kushoto, maana alikuwa akisahau anashika mstari kulia, irabu ni tano na huku zinakaa kwenye mstari pamoja na wenzake badala ya kupanda juu, na herufi kadhaa ngeni, p, v, ch, ng na ng'. Kwa e na o nikamletea majozi, maneno mawili yanayopishana irabu moja tu, pesa na pisa hakuna maana, nikatafuta yenye maana pande zote, tega na tiga haikukubali, nikajaribu cheka na chika haikukubali, mwisho nikapata peta na pita, choma na chuma, soma na suma nikaacha, kopa na kupa, toa na tua. Choma na chuma ndo lililomfungua, alirudia kwa voisi mara sita, choma samaki, chuma embe, choma, chuma. Miezi miwili baadaye alikuwa anasoma meseji yoyote, na kundi la tatu nilipofungua swali la kwanza nililouliza kila mtu lilikuwa umewahi kusoma kitu chochote, popote, kwa herufi yoyote, na zaidi ya nusu ya kina mama wakasema chuoni. Sasa nina karatasi yenye safu mbili, ba na be yenye fataha ubavuni mwake, kwa anayeihitaji.

Kuna la kukaa pamoja pia. Niliwaza kozi ya simu ni ya mtu mmoja na simu yake, ndo uzuri wake. Lakini pale Deep Sea nilipokwenda kuwatembelea nikakuta kina mama watatu wamekaa kwenye simu moja, mwenye bando ndiye anayefungua, mmoja anasikiliza voisi anarudia kwa sauti, wenzake wanafuatisha kwa kidole kwenye karatasi. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, alisoma kisomo Handeni miaka ya sabini, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakati ambao bado karibu theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hawajui kusoma. Alikuwa akitusimulia kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, kikundi kinakaa kuizunguka redio moja, kiongozi ana kitabu, kipindi kikiisha wanazungumza, halafu wanakwenda kuchimba vyoo. Karibu watu milioni mbili walishiriki nchi nzima. Hiyo nayo ilikuwa elimu ya masafa, mwalimu yuko Dar na mwanafunzi yuko Handeni, ikafanya kazi kwa sababu walikaa pamoja. Na vitabu vya kisomo vya wakati ule vilifuata kazi za watu, cha pamba, cha ndizi, cha uvuvi. Kwa hiyo mi siwahimizi tena kila mmoja awe na simu yake. Nawaambia tafuta wenzio wawili, na kazi nawapa ya watatu.

Nina kundi lingine dogo la watoto wa Muscat, Oman, wazazi wao asili ya huku, Kiswahili wanaongea na bibi zao ila hawakisomi, shuleni wanasoma Kiarabu na Kiingereza. Kwao nilianza Zoom, ile ya bure inakata dakika arobaini, nao wakazima kamera wote. Shida yao ni kinyume cha yule bibi, e wanaisoma Kiingereza. Neno "pole" wanasoma "poli" au "poo", "mate" wanasoma "meiti", "wake" wanasoma "weiki". Nikawakusanyia maneno hayo yote yanayofanana, wakayapenda sana, wakawa wanayawinda wenyewe na kunitumia. Lakini kilichowafanya waandike ni kwamba bibi wa mmoja wao, yuko Mwanzange hapa, nilimwomba arekodi swali moja kila Ijumaa, "mwanangu leo mmepika nini huko", na wao wamjibu kwa kuandika. Kwa mwalimu wanaandika mstari mmoja. Kwa bibi wanaandika mpaka wanamwuliza kama yule paka bado yupo.

Kina mama wa Deep Sea sasa wameniomba kitu kingine, sikukipanga mimi. Wana kikoba, kila Jumamosi wanakaa, na daftari lote liko kwa katibu, yeye ndo anasoma nani kaweka ngapi na nani anadaiwa. Hawamshuku, katibu wao ni mtu mwema, lakini wanataka na wao waweze kulishika lile daftari walisome. Wamenipigia picha ukurasa mmoja, safu zake ni jina, hisa, jamii, mkopo, riba, marejesho. Maneno sita. Yule bibi wa "bisa" ameshanitangulia, amesoma matano kabla sijaandaa chochote, limemkwama moja, nami nimelisikiliza kwenye voisi yake mara tatu, anasema ma, re, halafu anasimama kwenye je. Basi ndo somo la kwanza, marejesho, karatasi nimeshaiandika, linatoka kesho saa nane.